Nimekonda, Watu Wananipa Pole

Jumatano, mwezi wa Mfungo Tano. Jua la leo ni kali, hata kuta za mawe zimepata joto. Lakini moyo wangu mweupe, na sina wa kumwambia ila karatasi hii.

Niandike mambo kama yalivyo. Mimi ni mnene. Nilipoolewa nilikuwa kama ufito. Nikazaa watoto saba, na kila arobaini nilikandwa maji ya moto na kushindiliwa uji wa pilipili manga uliojaa samli. Kisha nikakaa ndani, kama inavyompasa mke wa tajiri hapa Bagamoyo. Maji nachotewa, wali wa nazi naletewa, halua kila inapokuja kahawa. Kazi yangu kubwa ilikuwa kugeuka ubavu. Sasa nimekula chumvi nyingi, mwili umepunguza kazi, ila mdomo haukupata habari.

Nani angenikanya? Wote walisema nimenawiri. Bwana alitamba nami mjini, kwani unene wangu ulikuwa sifa yake.

Mwaka jana magoti yakakataa.

Nikawa nasali juu ya kigoda, sijda naiashiria kwa kichwa. Dini inaruhusu, najua. Lakini nililia. Wagonjwa wana udhuru wao. Udhuru wangu mimi ni samli.

Mke mwenzangu Mwanahawa, Mkwere wa Lugoba, ni wa umri wangu na anainuka kama mwari. Hakunibembeleza. Aliniambia tu, "Bi mkubwa, njoo tulime." Basi nikaanza kufuatana naye alfajiri hadi shamba letu la Kaole, nimejifunika gubigubi. Siku ya kwanza nilipumzika kila penye kivuli, naye akanicheka mpaka akakaa chini. Mungu amzidishie. Samli nikaipunguza, halua nikaiacha, ingawa roho iliniuma.

Nikaanza kupungua. Loo, nyumba ikajaa watu wa pole! Jirani mmoja aliniletea kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini, ninywe nipone kijicho. Mwingine akauliza, kwa sauti ya chini, kama Bwana amepata hasara katika biashara yake ya pembe za ndovu huko bara.

Hilo lilimfikia Bwana. Jana aliniita, akanikataza kutoka tena. Nikae, nile, nirudishe mwili, maana namwaibisha. Watu watasema amefilisika.

Katika ndoa yetu sijapata kumpinga. Jana nilimjibu, "Bwana, nataka kusujudu kabla sijafa." Aliinamisha kichwa. Nikaondoka pale.

Leo alasiri nilikiweka kigoda kando, nikatandika mkeka. Niliogopa. Nikashuka polepole, goti moja, kisha la pili, mifupa ikilalamika. Paji la uso likagusa mkeka.

Nilikaa pale. Machozi yalinitoka na sikutaka kuinuka upesi.

Mwanahawa akadhani nimekwama. Nilimsikia anakuja mbio kuniinua, kisha nikasikia sauti ya Bwana mlangoni ikimzuia: "Mwache."

Nikainuka mwenyewe. Nilipotoa salamu alikuwa bado amesimama pale, macho yake mekundu. Akasema nikitoka alfajiri kwenda Kaole nichukue bakora yake.

Alhamdulillahi kwa magoti haya, kwa mke mwenza huyu, na kwa mume huyu. Kesho nitaichukua bakora, na hata nisipoihitaji, nitaiegemea.