Mfarishi wa Mahir

Siyu,
Jumapili, baada ya alasiri.

Kwa mdogo wangu Mahir,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, natumai barua hii itakukuta u mzima na kifua kimepungua. Mimi mwili mzima, alhamdulillah. Mvua mwaka huu imetuonea, mahindi ya shamba la chini yameoza yakiwa yamesimama, na paa la jikoni lilinitia wazimu mpaka nikalipanda mwenyewe, majirani wamejipanga chini wananipa maagizo. Najua askari ataisoma barua hii kabla yako. Na asome, sina la kumficha.

Atakayekuletea ni Mwalimu Wanjira, mtu wa bara, anayefundisha hesabu hapa kwetu. Alipanga chumba chetu cha uani ulipokwisha kuchukuliwa, ndiyo maana humjui. Shule zimefungwa, anakwenda kwao, na kwao si mbali na hapo ulipofungwa. Mkononi ana furushi kubwa. Kabla hujalifungua, soma kwanza mpaka mwisho. Nakujua wewe na haraka zako, na haraka hizo hizo, juu ya pikipiki, ndizo zilizomuua mzee wa watu kwenye ndia ya Faza na kukutia jela. Sikuandikii kukusimanga. Lakini hasira ninayo bado, na sitajifanya sina.

Ulipoandika kwamba mwalala sakafuni, kwamba baridi ya huko inaingia mpaka kwenye meno na kikohozi hakikupi usingizi, niliisoma barua kwa sauti mbele ya Mama. Ningekuwa na akili ningeruka mistari. Mama hakulia. Aliuliza tu kikohozi ni kikavu au kina makohozi, na barua yako haikusema. Wajua Baba alianza vivyo hivyo, kifua kidogo tu, na hakumaliza mwaka. Tangu siku ya barua yako Mama hakuwa na habari nyingine. Alisema mwanawe yuko nti ya baridi, na blanketi la duka ni jepesi kama kitambaa cha kuchujia tui. Atakushonea mfarishi, vitambaa viwili na pamba katikati, vishonwe pamoja tabaka zote tatu. Nilimcheka. Nilimuuliza ni nani hapa Siyu aliyewahi kushona mfarishi kwa joto hili. Akanijibu kwamba ameshona kofia tangu hajaota matiti, na mwenye kushona kofia haogopi kitambaa kwa kuwa ni kipana.

Nilidhani atataka maua, yale ya mito ya harusi. Akakataa, akasema wewe ni kijana na utachekwa na wenzio. Akamwita Mwalimu Wanjira na karatasi yake ya miraba, wakakaa barazani wawili hao wakigombana jioni nzima. Mwalimu alichora miraba iliyojaa, kila mmoja una pembetatu nne, rangi zimejazana kila mahali. Mama akafuta. Alitaka pembetatu chache, kubwa, zianze kwa wingi pembeni kisha zipungue, na sehemu yote iliyobaki iwe nyeupe tupu. Mwalimu akamwonya kwamba jela si mahali pa kitu cheupe, kitachafuka mara moja. Mama akasema kilichochafuka hufuliwa. Mwisho Mwalimu alikiri kwamba mchoro wa Mama ni mzuri kuliko wake, na kwamba huko Nairobi watu huuza vitu vya namna hiyo kwa matajiri. Mama alifurahi, ingawa alijitia hakusikia.

Nyeusi ilitoka kwenye mabuibui yake mawili ya zamani. Ile rangi ya haradali ni pazia la chumba chako. Pamba tuliagiza Amu. Kitambaa cheupe alinipa mwenyewe, kidogo kidogo, kila asubuhi kipande, bafta nzuri iliyonyooka. Nilipomuuliza alisema Hussam mfanyabiashara wa kofia kamwachia mabaki. Kilinuka kafuri. Nikadhani amekifukuzia mende, nami sikuuliza tena, kazi ilikuwa nyingi.

Kazi aligawa hivi: mimi nikate na kuunganisha kwa cherehani, yeye apige bandi kwa mkono kupitia tabaka zote, mistari iliyonyooka, baina ya mstari na mstari upana wa kidole. Nilimwambia apanue, tutazeeka. Akasema bandi ikiwa mbali pamba itakimbilia pembeni ikifuliwa, nawe utabaki umejifunika vitambaa vitupu. Pembetatu zangu za mwanzo hazikukutana ncha. Alizifumua zote mbele yangu, taratibu, akanirudishia. Nilitoka nikaenda kulia uani kwa hasira, halafu nikarudi nikashona upya.

Mahir, sasa nifikie yale aliyonikataza.

Mama alikuwa mgonjwa tangu kabla ya mfarishi. Tumbo lilikuwa likimvimba, akasema ni hewa. Nilimpeleka Amu kwa nguvu, na daktari akaniita pembeni akaniambia uvimbe umekwisha kusambaa, labda Mombasa wangeweza kumpunguzia maumivu. Mama alikataa Mombasa. Alisema akienda huko hatarudi na sindano yake. Akanilisha kiapo nisikwambie mpaka mfarishi uwe umekwisha na uko njiani, kwa sababu ukisikia utaacha kula, na asiyekula hapigani na kifua. Kwa hiyo kila barua niliyokuandikia tangu wakati huo ilikuwa na uzima wake, na uzima wenyewe haukuwapo. Mwisho mwisho alikuwa akipiga bandi akiwa amelala ubavu, mfarishi umemfunika yeye mwenyewe, akishona kutoka ndani kwenda nje. Akishona mstari, anapumzika. Nilipotaka kumpokea sindano alinitazama mpaka nikaona haya.

Mama amefariki. Inna lillahi wainna ilayhi rajiun. Alifariki alfajiri ya Ijumaa, kabla ya mwezi huu kuandama, mstari wa mwisho ukiwa umebaki nusu. Sikuona namna nyingine ya kukuandikia neno hili, nimelijaribu kwa njia zote na kila njia ni mbaya. Kaa chini kama umesimama.

Na bado sijamaliza. Wanawake walipokuja kumwosha, Shangazi Huwaida alifungua kasha la Mama kutoa sanda. Wewe waijua habari ya sanda ile, sote twaijua, ingawa hakuna aliyeruhusiwa kuigusa: Baba aliileta kutoka Makka, ameichovya maji ya zamzam, na Mama alikuwa akisema hiyo ndiyo nguo yake pekee isiyopita kwa fundi. Shangazi alitoa udi, akatoa pakiti ya kafuri, akatoa marashi. Chini palikuwa patupu. Akaniuliza sanda iko wapi. Nami nilikuwa nimesimama mlangoni, nautazama mfarishi umetandikwa juu ya kitanda, na ule weupe wote.

Niliikata mimi. Kila asubuhi, kwa mkasi wangu, kipande kwa kipande, nikilalamika kwamba kitambaa kinanuka.

Sikumbuki nilivyofika kitandani. Nilichukua wembe nikaanza kufumua kona, nikisema kwa sauti kwamba vipande vitaungwa, vitatosha, yeye hawezi kwenda bila nguo yake. Nilikuwa nimekwisha kuchana kipande cha kona chote alipokuja Shangazi akanishika mikono yote miwili. Aliniambia kwamba Bi Rumaisa, mamangu, hakuwa mjinga, alijua anachokitoa na alijua anampa nani, na mimi ni nani hata nimrudishie. Ustadh Abubakr alipoulizwa alisema hapana ubaya wowote, sanda ni sanda, ikitoka Makka au ikitoka dukani. Wakaenda kununua bafta ya duka, ile ya kawaida inayouzwa kwa kila mtu, wakamkatia nguo zake tano. Alizikwa baada ya sala ya Ijumaa, karibu na Baba. Watu walikuwa wengi. Hata wana wa yule mzee wa Faza walikuja, wakabeba jeneza, na mimi sikujua niweke wapi uso wangu.

Ulipopiga simu siku ya pili yake, nikakwambia Mama yuko kwa Israa, nyumba ya pili, kesho utampata. Matanga yalikuwa yamejaa ndani, nikatoka nje ili usisikie watu wakisoma. Usinisamehe haraka kwa hilo.

Nimeumaliza mfarishi mimi. Nusu mstari uliobaki ni bandi yangu, utaijua kwa kupinda. Kona niliyoichana nimeiziba kwa baki la ile bafta ya duka waliyomzikia, nayo ni nyeupe zaidi ya kwingine kote. Sikutaka ifanane.

Sasa sikiliza, nami ndiye dadako mkubwa, na sasa sina mwingine wa kunisaidia kukuamuru. Jifunike. Usiukunje ukauweka kichwani kama mzigo mtakatifu, usimwoneshe mtu na kulia. Ulalie, ukohoe juu yake, uchafuke, ufue, ujifunike tena. Mama alikwenda kaburini na nguo ya duka ili wewe upate joto. Ukiniandikia kwamba umeona vibaya kuutumia, sitakujibu, wallahi, na nitakuwa nimepoteza wawili. Ukipona kifua, niandikie. Hilo tu ndilo ninalolitaka kwako.

Shangazi Huwaida akusalimu sana. Israa na wanawe wakusalimu. Ustadh akusalimu na anakuombea dua kila Ijumaa. Mwalimu Wanjira atakusalimu mwenyewe kwa mdomo wake. Salamu za Mama hazimo, Mahir, na zile zilizokuwamo katika barua mbili za mwisho nilizitunga mimi.

Wakatabahu, dadako,
Swafiya