Mlio Nilioupigia Makofi

Mpendwa mwanafunzi wangu Atieno,

Mwaliko wako umenifikia huku Nyahururu. Unasema Jumatatu unafungua darasa la utangulizi hapo Kisumu kwa vijana wanaoanza kujifunza tiba ya uti wa mgongo, na unataka niketi mbele kama mgeni wa heshima. Ningefurahi. Lakini jioni ileile jirani alinionyesha kwenye simu video uliyopiga sokoni Otonglo, nje kidogo ya Kisumu. Ulichofanya umekifanya mbele ya watu, kwa hiyo nakujibu mbele ya watu.

Nimeitazama mara tatu, kwa sababu mara ya kwanza nilidhani macho ya uzee yananidanganya. Umesimamisha hema kando ya barabara. Mama muuza dagaa wa omena amelala chali, na kwenye kola ya gauni lake umebana kipaza sauti kidogo ili shingo yake isikike. Unaishika, unaizungusha, hailii. Unamtazama mpiga picha, si mgonjwa. "Imekataa," unasema, "wacha tuisumbue tena." Mara ya pili inalia ko! na watu wanashangilia, "Wololo! Huyo amefufuka!" Mama anashika ukingo wa kitanda. "Daktari, kichwa inazunguka." Nawe unacheka: "Hiyo ni sumu inatoka, mama. Nani mwingine?"

Sumu! Neno hilo limeniudhi kuliko hata mikono yako. Unajua kinacholia ni gesi katika maji ya kiungo, kitu kisichomponya wala kumfufua mtu yeyote. Unajua mishipa ya damu iendayo ubongoni hupitia katika pingili za shingo, na kwamba mgonjwa akisema kichwa kinazunguka, mikono hutoka shingoni papo hapo na mtu hupelekwa hospitali. Ulienda chuo ng'ambo, ukarudi na vyeti kuliko vyangu. Ungekuwa hujui, ningekuhurumia.

Nakukumbuka katika chumba changu cha tiba hapo Kisumu, nyuma ya duka la nafaka. Ulimleta mama yako, amepinda kwa kubeba magunia, na alipopata nafuu wewe ulibaki. Ulitaka nikufundishe kusukuma siku hiyohiyo. Badala yake nilikufungulia kamusi yangu kubwa, nikakwambia tuweke unywele chini ya ukurasa, ufumbe macho, uutafute kwa ncha za vidole. Uliking'oa kichwani kwangu kimvi kimoja bila ruhusa.

"Mzee, umebakiza chache. Wacha zisaidie elimu."

Ukaupata. Tukaongeza ukurasa, ukaupata tena. Majuma yalipita, na ukaweza kuusikia chini ya kurasa kumi na mbili, mimi nikiwa nimeshindwa kwenye ukurasa wa tisa. Hapo ndipo nilipokuruhusu kugusa mgongo wa mtu. Nilikuonyesha kumlaza ubavu, goti la juu likunjwe, bega liende nyuma taratibu mpaka ulegevu wote uishe na kiungo kifike mwisho wa mwendo wake. Halafu ungoje. Pumzi itoke. Kama uso umekunjamana au mguu umepata ganzi, unamrudisha alivyokuwa na kazi imeisha. Kama kila kitu ni shwari, msukumo mmoja, mwepesi, mfupi kama kufunga droo. Usirudie kwa sababu hukusikia kitu.

Unamkumbuka yule mkata miwa wa Muhoroni? Aliingia akiwa ameshikiliwa na ndugu zake wawili. Alikuwa amekonda, ana homa kila jioni, na maumivu hayakumwacha hata akilala. Niliweka vidole mgongoni, nikakuita uweke vyako. Pingili moja ilikuwa imechomoza. Nikatoa mikono, nikaandika barua ya kumpeleka hospitali.

"Nimetoka Muhoroni nikuje kupewa karatasi?" alifoka. "Piga hiyo mgongo, Mzee! Ama unaogopa?"

"Naogopa," nikamjibu.

Walipotoka ukanuna. "Kwa hivyo leo hatujafanya kazi."

"Leo ndiyo tumefanya."

Ilikuwa kifua kikuu cha mifupa. Ningesukuma, ningempooza miguu. Baada ya miezi mingi alirudi kwa miguu yake, amebeba sukari nguru, na wewe ndiye uliyelia, ukajifanya ni moshi wa jiko la jirani.

Sasa niseme ninalojichukia kwalo. Siku uliponisukuma mimi, kati ya mabega, kwa mara yako ya kwanza, mgongo ulilia ko! hadi dukani wakasikia. Mimi nikaruka kitandani nikapiga makofi. Nikawaita watu wa duka, nikawaambia, "Msikie mtoto huyu!" Siku uliyousikia unywele chini ya kurasa kumi na mbili sikumwita mtu. Siku ya mkata miwa sikumwita mtu. Nilikufundisha kungoja kwa miaka miwili, halafu kwa dakika moja nikakuonyesha kinachoshangiliwa. Kipaza sauti cha Otonglo kina mkono wangu.

Muda mfupi baadaye, ghasia za uchaguzi zilipozuka, watu wa kabila langu tukaambiwa Kisumu si kwetu. Niliondoka na kamusi na koti. Mama yako alikificha kitanda changu cha kutibia, kile cha ngozi ya kijani, chini ya magunia yake, na naona kwenye video kwamba ndicho alicholalia yule mama. Nilikitambua kwa kiraka nilichokishona mwenyewe.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo, usingoje Jumatatu, rudi Otonglo bila kamera, umtafute yule mama. Mpeleke hospitali, hata kama anakwambia ni mzima, na umweleze daktari ulichofanya kwa kinywa chako, pamoja na ile mara ya pili. Video uiondoe. Ukinipigia simu kwamba umefanya, nitapanda gari nije.

Lakini sitaketi mbele. Nilaze kifudifudi kwenye kitanda changu, wanafunzi wako wakizunguka. Daktari wa huku amenionyesha picha: pingili zangu mbili zimebonyea zenyewe, kwa uzee. Sitakwambia ni zipi. Pita na vidole polepole, na ukizipata toa mikono, uwaeleze vijana kwa nini umeitoa. Hakutalia kitu. Hakuna atakayeshangilia, isipokuwa mzee mmoja aliyelala kifudifudi, ambaye safari hii atajua cha kupigia makofi.

Nangoja simu yako,

Mwalimu wako wa kwanza, mwenye mvi zilizobaki