Zambarau ya Daktari Leonardi

Jumatatu, 3 Februari 2025

Nimemaliza kupaka fimbo zangu za gofu. Zote saba, rangi ya machungwa, ileile ya mafuta tuliyokuwa tunapakia mitumbwi ya baba kule Majita. Vichwa na mipini hadi karibu na pa kushikia. Nilizianika nyuma ya stoo ya klabu, kuku wa jirani akakanyaga moja. Nimemwacha.

Sababu niliyowapa watu: fimbo zinapotea kwenye majani. Uwanja wa gofu una mashimo tisa na mfyekaji mmoja, yaani mimi. Wamekubali haraka, maana majani wanayaona wenyewe.

Sababu yenyewe naiandika hapa tu. Tangu Krismasi nikilaza fimbo chini siioni tena mpaka niikanyage. Machungwa naiona. Basi.

Kufyeka kunachosha. Kuficha kunachosha zaidi.

Jumamosi, 8 Februari

Wamecheka. Mwenyekiti Stanislausi ndiye aliyeanza — kauliza kama nimefungua chekechea. Gofu ni mchezo wa heshima, kasema, fimbo iwe nyeusi au iwe chuma chake, yaishe. Gody wa benki akapiga picha akairusha kwenye grupu la WhatsApp. Maoni kumi na saba! Alinisomea mwenyewe, mimi simu nasingizia chaji. Mmoja kauliza kama zinakuja na maputo.

Daktari Leonardi hakucheka. Huyu ni daktari wa mifugo, anakuja kila Jumamosi kutoka Butiama na matope kwenye buti. Kaishika moja, kaigeuzageuza, kauliza kwa nini machungwa na siyo nyekundu. Nikasema ndiyo iliyokuwepo. Akaniangalia kwa muda. Sipendi anavyoangalia. Anakuangalia kama ng'ombe aliyekataa kula.

Walipoondoka nimesawazisha brauni zote tisa. Kwingine kuzunguka shimo wana majani laini kama zulia. Sisi tuna mchanga uliochanganywa na oili chafu ya gereji, na kila kundi likipita lazima uuburuzie gunia mpaka utulie. Hiyo kazi bado naiweza. Miguu inaijua.

Jumatano, 12 Februari

Bunda. Nilimuaga mke wangu Marcelina kwamba nafuata msasa. Hakuuliza msasa wa Musoma umekosa nini.

Daktari wa macho ni binti mpole. Kasema mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia limeshakomaa. Bluu, zambarau na kijani kizito vitakuwa vinafanana na giza, njano na machungwa vitachelewa kuondoka. Nikamwambia hilo nalijua. Upasuaji ni mfupi, kasema, kesho yake unarudi nyumbani. Kaniandikia tarehe: Jumatatu, 7 Aprili.

Sitaenda. Kaka yangu Apolinary alienda miaka sita iliyopita. Alirudi na bandeji, akaambiwa asiiguse, akaifungua siku hiyohiyo akapaka dawa ya mizizi. Kosa ni lake, kila mtu anajua. Lakini leo anashikwa mkono kwenda chooni, na mimi ndiye niliyemsindikiza hospitali nikimwambia usiogope.

Halafu kuna kamati ya klabu. Inakaa Jumapili, tarehe 6 Aprili, kuamua nani atatunza uwanja miaka miwili ijayo. Nikisema naenda kupasuliwa macho watasema pole mzee, kisha watatafuta mwenye macho. Miaka ishirini na mbili niko pale. Sijui kufanya kitu kingine, na nyumbani nitakaa nafanya nini.

Nimerudi na msasa. Niliununua kweli, nisije nikawa mwongo wa moja kwa moja.

Jumapili, 23 Februari

Alikuja mgeni kutoka Mwanza, mama mmoja anaitwa Recho, mnene, mcheshi, ana kofia kubwa. Kafungua begi. Fimbo zote njano. Njano ya kiwandani, inawaka! Hata mimi niliziona nikiwa shimo la tatu.

Mwenyekiti akakohoa. Kabla hajatoa hotuba yule mama akawa ameshapiga mpira wa kwanza ukaenda moja kwa moja. Kamshinda Stanislausi kwa mapigo tisa.

Basi kufika saa nane dunia ilishageuka. Gody anauliza zinanunuliwa wapi. Mwenyekiti anawaeleza watu kwamba rangi kali inatuliza jicho kwenye mpira, kwamba ni sayansi. Sikujua nicheke au nilie. Ile picha yangu ya chekechea imerudi kwenye grupu, safari hii wameandika: Mzee Boni alituwahi.

Jumanne, 25 Februari

Sasa mimi ni fundi rangi. Gody anataka kijani cha ndimu. Wawili wanataka nyekundu. Mwenyekiti kaja peke yake saa saba, jua kali, fimbo zake kaziingiza kwenye gunia la mahindi kama anaiba. Anataka damu ya mzee, iliyotulia, na upande wa nyuma tu. Kaniambia nisimtaje.

Daktari Leonardi kapiga simu kutoka Butiama. Bluu. "Bluu ya kawaida tu, Mzee Boni, kama ya ziwa asubuhi." Nikasema hakuna shida.

Ijumaa, 7 Machi

Wiki nzima harufu ya thina kichwani. Leo nimemaliza za Daktari, za mwisho.

Rangi za mwaloni, pale mitumbwi inapoegesha, zinauzwa kwenye chupa za maji, hazina karatasi wala jina. Anayekuuzia anamimina tu. Baba alitufundisha: chovya njiti, weka tone kwenye ukucha wa dole gumba, toka juani, tazama. Ukucha hausemi uongo. Alipaka mitumbwi miaka arobaini hivyo, hakuna mtu aliyewahi kurudisha mtumbwi.

Nimeweka tone kwenye ukucha. Nimetoka juani. Nimeona bluu. Chupa zilikuwa mbili pale rafuni, hiyo na nyingine ya katekista iliyobaki nilipompakia kisimamo cha msalaba kabla ya Jumatano ya Majivu. Nilichukua ya kulia. Nina hakika ni ya kulia.

Marcelina kasema chai naimwagia pembeni ya kikombe. Nikasema ni uchovu.

Jumamosi, 8 Machi

Daktari kachukua fimbo zake. Alifungua begi, akatoa moja akaitazama juani. Muda mrefu. Kisha kasema, "Asante sana mzee wangu, umezipaka vizuri." Akaenda kucheza.

Watu walimtazama sana. Hakuna aliyeniambia kitu. Sijui kwa nini naliandika hili.

Jumatatu, 17 Machi

Daktari kashinda Jumamosi mbili mfululizo. Leo wamekuja watatu na fimbo zao, wanataka kama za Daktari. Nikasema sawa, bluu ipo. Wakatazamana.

"Bluu gani, Mzee Boni?" Gody kauliza. "Si ile zambarau? Si ulimpakia ya Kwaresima?"

Ndivyo wanavyoiita. Wanasema Daktari anacheza na rangi ya Kwaresima ndiyo maana mpira unamtii. Wanacheka, lakini wanaitaka. Gody anataka kijani chake kifutwe. Wiki mbili tu tangu akisifu.

Nilikaa juu ya dumu. Nikacheka na mimi, nikasema nilikuwa nawatania. Walipoondoka sikugusa tena brashi. Siyo kwamba nilikosea. Fundi anakosea. Ni kwamba nilitoka juani, nikautazama ukucha, nikaona kitu ambacho hakikuwepo. Baba angenifukuza kwenye mtumbwi.

Na Daktari alijua palepale, akanyamaza, akazibeba akacheza nazo mbele ya watu. Kwa nini?

Nimeifunga kamba shingoni ile chupa ya zambarau, ili mkono uijue.

Alhamisi, 27 Machi

Mwenyekiti karudi kutoka Dar. Kasema huko wakubwa wote wamerudi kwenye nyeusi, ile nyeusi isiyong'aa. Rangi rangi ni mambo ya waliochelewa. Kasema hivyo mbele yangu, huku damu ya mzee yake inaonekana nyuma ya fimbo.

Kufikia jioni fimbo ishirini na nne ziko mlangoni pa stoo. Toa rangi. Zirudishe zilivyokuwa. Gody naye yumo! Rangi haijamaliza hata kunuka.

Nakwangua. Vumbi la kila rangi limejaa mapajani na mimi naliona lote kijivu. Hawa watu hawajawahi kuniuliza hata siku moja fimbo inapigaje. Ni inaonekanaje tu, na nani mwingine anayo. Nimechoka nao. Nawapenda, wengine nimewabebea mabegi tangu hawajaoa, lakini nimechoka nao.

Kibaya zaidi: Mwenyekiti kauliza kwa sauti ni nani aliyetuletea huu upuuzi. Wote wakanigeukia. Kasema italetwa kikaoni tarehe 6, pamoja na suala la uwanja. Gody kanong'ona baadaye kwamba kuna jina la mtu mwingine linatajwatajwa.

Daktari Leonardi peke yake kakataa kukwanguliwa. Kasema zake zibaki zilivyo.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua asubuhi, hawakucheza. Saa kumi Daktari Leonardi kaja hapa nyumbani Kigera. Hajawahi kuja. Marcelina alikuwa uani anaparua sato, akamkaribisha, akampa kiti, akarudi kwa samaki wake. Mlango ulikuwa wazi.

Daktari akalaza fimbo mbili mezani. Moja ni ile niliyompakia mimi. Nyingine kaipaka mwenyewe juzi, bluu, ile aliyoniagiza.

Akashusha sauti. "Mzee wangu, ng'ombe akianza kupoteza macho anageuzaga kichwa hivyo hivyo unavyogeuza wewe. Nimeona tangu mwezi wa pili. Kesho nitapita kabla ya kikao. Kama unaziona, nichagulie ya zambarau. Kama huzioni, niambie sizioni, na mimi nitaomba kamati ikupe ruhusa ukatibiwe, nafasi yako ikusubiri. Ila usikisie. Ukikisia, mimi sitakusemea."

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile alipofungua begi. Kasema, "Ningesema mbele ya Stanislausi?"

Nikasema sawa. Chai hakuisubiri.

Sasa ni saa kumi na moja na nusu, jua limetoka. Nimezitoa fimbo nje nikaziweka juani. Nimezisogeza mpaka zikagusa pua. Nimezipapasa — anajua kupaka huyu mtu, zote laini. Ni nyeusi mbili. Nimezirudisha mezani na sasa sijui hata kama nimezirudisha kama zilivyokuwa.

Karatasi ya Bunda iko humu ndani ya daftari. Ni keshokutwa. Naogopa. Naogopa kuwa Apolinary kuliko ninavyoogopa kufukuzwa, na nikimwambia Daktari sizioni, safari imeshaanza, hakuna tena msasa wa kusingizia.

Njia nyingine ni Marcelina. Neno moja tu, zambarau ni ipi? Atajibu akiwa palepale na kisu chake. Kesho nachagua vizuri, kamati inakaa, uwanja unabaki wangu, tarehe 7 inapita. Lakini nikimuuliza hivyo tu, ameshajua. Zaidi ya miezi mitatu nimemficha mtu ninayelala naye. Nimegonga vikombe nikasema uchovu, nimevaa shati ndani nje nikasema haraka. Siwezi kumuuliza.

Nilikuwa hapo kwenye "siwezi" alipoingia kuchukua chumvi. Hakusimama. Kapita nyuma ya kiti changu, mkono wake ukagusa bega, kasema polepole, "Ya zambarau ni hiyo ya kushoto, Baba Evance." Akatoka na chumvi yake.

Sikuwa nimemuuliza kitu.