Wakaendelea kupanda

Stella, jirani yetu Jesse anadai eti juzi alishuka mlimani na kaka Primus, wakaachana getini. Eti kaka kapitia Kiboriloni kunywa mbege.

Sasa simu ya kaka si aliniachia? Leo mzungu waliyembebea mizigo katuma: "Feeling better? Sorry we carried on." Nikampelekea mwalimu Monica.

Akasema, "Carry on ni kuendelea na mlichokuwa mnafanya, hata kama kuna jambo limetokea. Anauliza kama kaka yako amepata nafuu. Aliugua njiani, wao wakaendelea kupanda."

Wakaendelea! Stella, wakaendelea!

Nimembana Jesse. "Dada, mzigo wake tuligawana. Tulimwacha amekaa, tukasema tutamkuta tukirudi. Hatukumkuta."

Nikamwambia, nipeleke hapo mlipomwacha. Nimerudia mara tatu, Jesse, nipeleke. Amesimama mlangoni, anaangalia viatu vyake.