Jina Langu Kwenye Daftari la Wakulima

Shamba la Baba,
S.L.P. 14,
Hertzberg, Kansas.
21 Februari 2019

Mpendwa mdogo wangu Leander,

Hujambo huko Oregon? Goti lako je, na Marjean wako anaendeleaje na kifua chake? Mimi ni mzima, ila vidole vinakufa ganzi asubuhi. Theluji imefunika ngano yote. Mgeni wangu wa mwisho alikuwa mleta barua, naye hakushuka garini.

Tangu Wilbert wangu afariki, nyumba imekuwa kubwa mno. Bado napika supu ya tambi ya watu wawili. Nimejaribu kupunguza, mkono unakataa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Kendall, jirani anayetulimia shamba, anataka tubadilishe mkataba. Unajua tunagawana mavuno, yeye theluthi mbili, sisi moja, na bei ya ngano ikianguka, ruzuku ya serikali nayo inagawanywa vivyo hivyo. Yeye anataka atulipe kodi ya fedha taslimu, ruzuku yote iwe yake.

"Mama, umri huu karatasi za serikali za nini?" aliniambia. "Utapata chako, mvua inyeshe isinyeshe."

"Na chakula cha mavuno nitampelekea nani?"

"Siku hizi tunakula humo humo kwenye mashine, mama," akasema, jicho liko kwenye saa.

Si mtu mbaya, na kodi anayotaja inazidi tunachopata sasa. Lakini kwa kugawana, ni lazima aje. Anakuja kuniuliza mtama tupande wapi, ananipigia simu mvua ya mawe ikipiga, na mwezi wa Juni napanda naye lori hadi ghalani kuona fungu letu likimwagwa. Kodi italetwa na posta mara moja kwa mwaka, basi. Na jina langu litafutwa kwenye daftari la wakulima, maana mpokea kodi hahesabiwi mkulima. Hata kura ya kamati ya wakulima ya kaunti sitapiga tena.

Jumanne nilikwenda ofisi ya kilimo kuulizia. Joleen, karani wa dirishani, akapaza sauti, "Alvina! Kumbe bado upo?" Nikamjibu, "Nipo, nani mwingine atawasumbua?" Tukacheka. Nilikaa pale mpaka wakafunga kwa chakula cha mchana. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniita kwa jina.

Jana bahasha yako ikafika. Nilikimbilia miwani, nikidhani umeniandikia. Ndani mlikuwa na karatasi ya mkataba mpya aliyokutumia Kendall, umekwisha kuitia saini, bila hata neno la salamu. Leander, niliumia. Nililia nikiwa nimesimama jikoni.

Karatasi hiyo nimeichana, unisamehe. Joleen alinipa nyingine mbili Jumanne ile, ya mkataba wa zamani na ya mpya, na zote zinataka saini yako kabla ya Machi 15. Nimeziweka mezani, mahali pako pale karibu na dirisha. Nusu ya shamba ni yako, sitakuzuia. Lakini kama ni kunifuta, njoo unifute nikiwa nakuona.

Mnisalimie wanenu, Kirsten na pacha wake. Mungu awafunike nyote na baridi isiwaguse.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinyamaza,
Alvina

N.B. Usihangaike kubeba chakula. Supu ipo, ya watu wawili.