Kibao cha Kichaka cha Ukingoni

Umetimia mwaka, Baba, tangu uanguke kwenye bustani ya miche, ndoo ya kumwagilia ikiwa bado mkononi.

Ulikuwa na mikono mipole. Udongo wa kila mche uliulainisha kwa vidole. Mama alikutania: "Mume wangu, huyo mke mwenzangu wa kwenye mawe ya pwani ananishinda nini?" Ukamjibu, "Hapukutishi majani mwaka mzima, na hanipigii kelele." Alicheka hadi akakaa chini.

Vilikuwa vimebaki vichaka kumi na vinne tu vya mmea ule wa mawe ya pwani, nawe peke yako ulivijua vyote. Ofisi ya hifadhi ilipoviwekea vibao, uliving'oa. "Kibao kinamwelekeza mwizi," ulisema, maana wauza maua walishavichimba vingi. Hata mimi mwanao ulinionyesha kimoja tu, kile cha ukingoni mwa jabali. "Vingine ukitulia."

Sikutulia, Baba. Nawe hukungoja.

Mwezi wa nne baada ya mazishi, ofisi ileile iliyokusomea sifa kaburini ilituma watu kusafisha njia ya wageni. Nilifika nikihema. Msimamizi alikuwa anafuta panga.

"Mnakata nini nyie?"

"Kaka, usitufokee. Chenye kibao tunakiruka. Hapa kibao kiko wapi?"

Nilimpita, nikainama. Vichaka vyako vingine nilivijua vikiwa vimeshakatwa, vimelala chini, kwa majani yale mazito yanayong'aa. Nilivihesabu: kumi na vitatu.

Tuna hasira na ofisi. Pumzi waliyoimaliza kwa kukusifu wangeitumia kujenga uzio. Na wewe pia tuna hasira nawe. Mama amesema haya hayaandikwi gazetini. Nimeyaandika, kwa sababu ni wewe uliyetukataza kusema uongo.

Cha ukingoni kimesalia, kwa kuwa panga halikufika. Tulikata vipandikizi sita. Viwili vimeshika mizizi. Jana tulikwea sote hadi kwenye kichaka cha ukingoni, na nyundo. Tumekiwekea kibao chenye herufi kubwa: jina la mmea, na chini yake jina lako.

Tunajua ungeking'oa. Njoo uking'oe, Baba.

Unakumbukwa na mkeo, mimi mwanao wa kiume, binti yako mshonaji na mumewe, shangazi, wajukuu wako wawili, na wenzako wa bustani ya miche.

Tutakukumbuka siku zote, tukiwa na hasira na tukiwa hatuna.