Wote Walijibu "Muzuri"

Likasi, Juni 1995

Mwanangu mpendwa Adrienne,

Amani ya Bwana ikufikie wewe, mkwe wangu Lambert na Fidélie wetu. Mimi nina afya ya kunitosha, ila magoti hununa asubuhi. Unisamehe kuchelewa, sikupenda kukujibu kwa kukisia.

Uliniuliza kama hospitali iliyomtunza marehemu mama yako ingali nzuri, ili umlete Fidélie kwa treni kutoka Mwene-Ditu, maana ana wekundu uleule mashavuni na vidole vimevimba. Nilisoma nikamwona mama yako Rosalie kitandani, shuka imenyooshwa, Sista Mathilde akivuta pazia ili jua lisimguse uso. Daktari hakuacha kumpima mkojo, akatufafanulia kwa subira kwamba ugonjwa wake wa lupus hauponi, lakini hutunzwa. Jumapili moja ulimletea maua ya uani, naye akakucheka kwa kuyang'oa na mizizi yake.

Basi nilivaa koti nikaenda kuona. Niliwaomba radhi wagonjwa, nikawauliza kitanda kwa kitanda kama wanatunzwa vema. Wote walijibu "muzuri, Papa", hata mama mmoja aliyelala sakafuni juu ya kitenge chake. Nikafurahi, nikashukuru. Muuguzi Hortense, aliyekuwa akinitembeza, alinisindikiza mpaka nje, akaniambia polepole:

"Papa, balikuambia muzuri juu miye nilikuwa pale. Kama njo mutoto wangu, siwezi kumuleta huku."

Yaani walisema vile kwa sababu yeye alikuwa amesimama pale. Akanieleza kwamba daktari ameondoka, maabara imefungwa, na kila mwenye homa hupewa kwinini. Ilinipasa kulitambua jibu lile: hata mimi, nikiulizwa habari siku ya msiba wa mama yako, nilianza na "muzuri".

Mwanangu, nakuungamia jambo. Hata baada ya maneno ya Hortense, njia nzima nilikuwa nikitunga barua ya kukuambia uje. Tangu mfukuzwe huku pamoja na Wakasai wengine, kwa sababu ya kabila la Lambert, nyumba hii haina wa kugombana naye kuhusu sukari ya chai. Ni mimi niliyetaka kumsikia mjukuu wangu uani. Hospitali haikustahili kumpokea.

Usimlete. Mpelekeni kwa daktari wa misheni uliyoniandikia habari zake, hata kama mwendo wa baiskeli ni mrefu. Mkingeni uso na jua, na mtaje ugonjwa wa bibi yake mapema, kabla hawajasema malaria.

Msalimie sana Lambert. Mwambie Fidélie kwamba babu yake amemkataza kuja kwa sababu anampenda.

Baba yako mwenye kuwaombea,
Barthélemy